Barua Pepe Yako Iko Mikononi mwa Nani?

Leo tuache kidogo mambo ya viwango vya kubadilisha fedha, tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunakiona ni cha kujazia fomu tu: barua pepe.

Nianze na yaliyonipata mimi. Nilipofika Muscat mara ya kwanza sikuwa na barua pepe. Kijana wa ofisi iliyonileta alinifungulia moja kwenye kompyuta yake. Laini sikuwa nayo bado, kwa hiyo akaweka namba yake ya simu, akaniandikia neno la siri kwenye kikaratasi. Nikamshukuru sana. Miaka miwili nikaitumia: nikajiandikisha nayo kwenye programu ya kutuma pesa, nikaipeleka benki nyumbani, nikaipeleka na Sacco. Siku nilipobadilisha simu, programu ya pesa ikaniambia imetuma namba ya kuthibitisha kwenye barua pepe yangu. Nikaenda kwenye barua pepe, nayo ikasema imetuma namba kwenye simu ambayo tarakimu zake mbili za mwisho sizijui. Yule kijana alishaacha kazi zamani, na ofisini hakuna aliyejua aliko.

Pesa haikuibiwa. Lakini ilikaa wiki saba nikiwa siwezi kuigusa, na ilikuwa Januari, watoto wanatakiwa shule. Ada nilikopa kwa mwenzangu.

Ndiyo maana ninaposema faragha ya barua pepe siongelei siri za wakubwa. Kila programu ya pesa ina sehemu ya kubonyeza ukisahau neno la siri. Ukibonyeza hapo, mara nyingi linki ya kuweka neno jipya inakwenda kwenye barua pepe. Sasa anayeweza kufungua barua pepe yako amebakiza hatua chache kufika kwenye hela yako. Na humo ndani kuna nini kingine? Picha ya pasipoti, mkataba wa kazi, risiti za kila mwezi. Mtu akikaa nayo nusu saa atajua unalipwa kiasi gani, unamtumia nani, na tarehe ngapi.

Kampuni kubwa zina ubaya gani?

Tusizisingizie. Gmail ya Google na Outlook ya Microsoft zina ulinzi mzuri dhidi ya wezi wa mtandaoni, na wengi wetu tunazo kwa sababu simu ya Android ukiinunua tu inakuomba akaunti ya Google. Tatizo ni biashara yenyewe. Gmail ilianza 2004, na hadi 2017 mashine zao zilikuwa zinapitia barua za watu ili kujua wawaonyeshe matangazo gani. Wakaacha hilo mwaka huo. Lakini akaunti ya bure bado ni sehemu ya kampuni inayoishi kwa matangazo, yaani inayoishi kwa kukujua wewe. Yahoo nao waliibiwa taarifa 2013, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba wizi ule uligusa akaunti zao zote, bilioni 3.

Kwetu sisi lakini naona shida kubwa ni mbili nyingine. Kwanza, kwenye hizo kampuni kila kitu kiko kwenye fungu moja: barua, picha, majina ya simu, programu. Akaunti ikifungiwa, vyote vimefungiwa, na hakuna kaunta ya kwenda kusimama ukajieleza. Pili, wengi tumeweka namba ya simu ya huku kuwa ndiyo njia ya kurudishia akaunti. Laini ya huku imesajiliwa kwa bataka, au akama kwa walioko Saudia. Kitambulisho kikiisha, laini nayo inakatwa, na baada ya muda namba hiyo hupewa mtu mwingine. Fikiria mtu usiyemjua anapokea namba zako za kuthibitisha.

Mwenye huduma anakula wapi?

Hilo ndilo swali la kwanza ninalouliza kila huduma ya bure. Kuna watoa huduma ya barua pepe ambao hawamo kwenye kundi la kampuni kubwa na hawauzi matangazo. Nitawataja watatu ninaowafahamu.

Proton wako Geneva, Uswisi. Walianza 2014, na waanzilishi walikutana wakifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha CERN. Wateja wanaolipia ndio wanaowabeba wa bure. Mwaka 2024 mwenye hisa mkuu akawa taasisi isiyo ya faida, ili kampuni isiuzwe kirahisi. Tuta wako Hannover, Ujerumani, tangu 2011. Zamani waliitwa Tutanota, wakafupisha jina 2023. Hao nao wana ya bure na ya kulipia. Posteo wako Berlin tangu 2009, na hawana ya bure kabisa: kila mtu analipa euro 1 kwa mwezi. Hata noti ndani ya bahasha wanapokea, jambo linalowafaa zaidi mlioko Ulaya kuliko sisi.

Tofauti kubwa ya Proton na Tuta ni ufunguo. Kwenye huduma ya kawaida, kampuni inakutunzia sanduku na ufunguo inao pia. Kwa hawa wawili, barua zinahifadhiwa zikiwa zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea neno lako la siri. Wao wana sanduku, ufunguo huna ila wewe. Hata mfanyakazi wao akitaka kuchungulia, ataona herufi zisizosomeka.

Ila msidanganywe na matangazo yao pia. Barua ikitoka benki kwako, safarini haikufungwa kwa ufunguo huo, inafungwa ikishafika. Na ukimwandikia mtu mwenye Gmail barua ya kawaida, nakala yake iko Gmail kama kawaida. Kwa Proton, kichwa cha barua hakifungwi kwa namna hiyo (Tuta wanakifunga), kwa hiyo usiandike namba ya akaunti kwenye kichwa. Halafu sheria ipo. Mwaka 2021 Proton waliamriwa na mamlaka za Uswisi kutoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati aliyekuwa Ufaransa, na wakaitoa. Maandishi ya barua hawakutoa kwa kuwa hawawezi kuyasoma. Hiki ni kitu cha kulinda risiti zako na mkataba wako. Usikione kama kofia ya kujificha.

Na tena, udogo peke yake si sifa. Kulikuwa na huduma inaitwa Skiff, nzuri, ya bure, watu wakaipenda. Februari 2024 ikanunuliwa na kampuni ya Notion, Agosti mwaka huohuo ikafungwa, watu wakahama mbio. Ndiyo maana hao watatu nimetaja na miaka yao.

Ufunguo ukipotea

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole, kwa sababu ndipo wengi watalia.

Ukisahau neno la siri la Tuta na ukapoteza ile namba ndefu waliyokupa siku ya kwanza, yenye herufi na tarakimu 64, basi. Hakuna wa kumpigia. Hawawezi kukurudishia hata wakitaka, maana ufunguo hawana. Proton wana nafuu kidogo: ukiwa umeweka barua pepe au simu ya akiba unaweza kuweka neno jipya na kuingia, lakini barua za zamani zitabaki zimefungwa mpaka ulete yale maneno 12 ya Kiingereza waliyokupa kwa ajili ya kurudisha akaunti. Ukiwa nayo, unafungua kila kitu. Mwingine akiyapata, naye vilevile.

Sasa sisi tunatunza wapi karatasi kama hiyo? Wengine chumba ni cha wanne, begi liko chini ya kitanda. Wengine madam anaingia kupanga chumba na kupangua. Kambini kabati halina kufuli. Kupiga picha kwenye simu sishauri, maana simu ndiyo ya kwanza kuibiwa, na picha huenda zikajituma zenyewe kwenye hifadhi ya Google, tukarudi kulekule.

Mimi nilinunua daftari, nikaandika juu “Kujifunza Kiingereza”, nikajaza maneno kurasa nane. Ukurasa mmoja una maneno yangu 12, kwa mpangilio wake, na mbele ya kila neno nimeandika maana kwa Kiswahili kama mwanafunzi. Anayelifungua anaona dada wa kazi anajifunza lugha. Nakala ya pili iko kwa mama, imefungwa kwenye bahasha, ndani ya sanduku lake la kanga. Nilimpelekea nilipokwenda likizo, sikuituma kwa WhatsApp. Kama likizo yako bado mbali, msomee mtu unayemwamini kwa simu, akuandikie, kisha akurudie neno kwa neno. Ile namba ya Tuta yenye tarakimu 64 ni ngumu kuificha namna hii. Kwa hiyo anayelala chumba cha watu wengi namshauri Proton. Anayetaka kufungua bila kuombwa namba ya simu kabisa aende Tuta. Proton wakati mwingine wanaomba simu au barua pepe nyingine kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Tuta nao wanaweza kukusubirisha hadi siku mbili kabla hujaanza kutuma.

Kulipia? Kwa kazi yetu hakuna haja. Nafasi ya bure ya Tuta ni GB 1, na Proton wanafika hapohapo, na risiti ni kitu kidogo sana. Picha na video ndizo zinazojaza, nazo usizipeleke huko.

Kuhama bila kujifungia nje

Usihame kwa siku moja. Fungua sanduku jipya kwenye simu yako mwenyewe, kwa bando lako. Usitumie kompyuta ya ofisi wala tableti ya watoto wa bosi, ambayo inaweza kuhifadhi neno lako la siri bila wewe kujua. Waifai ya nyumba haina shida sana: mwenye nyumba anaweza kujua umeingia mtandao gani, lakini hawezi kusoma ulichoandika. Anwani andika mwenyewe, proton.me au tuta.com, usifuate linki uliyotumiwa kwenye kikundi.

Kisha anza na programu ya kutuma pesa. Nenda kwenye taarifa zako, badilisha barua pepe. Mara nyingi watatuma ujumbe wa kuthibitisha kwenye ile ya zamani kwanza, na ndiyo sababu huhami siku ambayo ya zamani imeshakufungia. Ikikubali, jaribu kutuma kiasi kidogo uone risiti inafika wapi. Halafu benki ya nyumbani, halafu Sacco, halafu chama chenu kama kinatumia barua pepe. Ile ya zamani iache wazi mwaka mzima. Kuna kitu utakuwa umesahau, lazima. Akaunti ya Google ya simu baki nayo kwa ajili ya kupakua programu, ila mambo ya hela yasiwe humo.

Angalizo dogo la benki: karani wa Mwanza au Mombasa akisikia “proton” anaweza kumalizia “.com” kwa mazoea. Ilinitokea. Mwandikie kwenye karatasi, herufi kwa herufi, umwombe akutumie barua ya majaribio kabla hujaondoka dirishani. Kama uko huku na anayekwenda benki ni ndugu yako, hilo nalo mwambie.

Kwa wale ambao barua pepe yao ilifunguliwa na ofisi kama yangu: leo, kabla ya yote, ingia uangalie namba ya simu iliyowekwa kwenye usalama wa akaunti. Kama si yako, weka yako wakati bado unaweza kuingia. Na anayekaribia kurudi nyumbani moja kwa moja, badilisha hiyo namba iwe ya nyumbani wakati laini ya huku bado inapokea ujumbe, maana mara nyingi uthibitisho unapitia kwenye namba ya zamani. Ukisubiri mpaka uko uwanja wa ndege, bataka imeshafutwa, umechelewa.

Jingine kwa wanaokwenda kukaa kijijini miezi mingi: akaunti ya bure ya Tuta isipofunguliwa miezi sita hufutwa, na Google nao wanaweza kufuta iliyokaa miaka miwili bila kuguswa. Mimi hufungua yangu kila tarehe ya mshahara, nikishaona risiti ya mwezi huo naitoka.