SOMO: Kuwaandaa wanachuo kwa mtihani wa kusoma na kufahamu

Katika toleo hili tunaleta somo kwa viongozi wa vikundi vya vijana, walimu, na wazazi wenye watoto vyuoni. Katika vyuo vyetu vingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na somo la lazima la stadi za mawasiliano, na ndani yake umo mtihani wa kusoma. Anapewa habari ya Kiingereza ambayo hajawahi kuiona, ajibu maswali, kisha aifupishe. Hapo ndipo madesa yanapofikia mwisho wake. Kwa masomo mengine kijana anaweza kupita steshenari, akatoa kopi ya desa la mwaka jana na kukesha akikariri. Habari ngeni haikaririki.

Asiyefaulu hufanya mtihani wa marudio, wenyewe wanauita sapu, na sapu zikizidi kijana anadisko. Kwa mzazi aliyeuza viazi vya Uporoto au mpunga wa Kyela ili kulipa ada, neno hilo ni zito sana. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hurudi nyumbani bila cheti, lakini deni anarudi nalo, maana kukatiza masomo hakufuti mkopo.

Tatizo hili halikuanza na vijana wa leo, wala si uvivu wao kama baadhi yetu wazee tunavyopenda kusema. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, huku sekondari na vyuo vikiendelea na Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa ngazi mbalimbali hapa nchini. Kwa upande wa chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio walioweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Baada ya taarifa hiyo ulikuja mradi wa kuinua Kiingereza katika shule za sekondari, na sehemu kubwa ya mradi huo ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi ili wanafunzi wasome kwa wingi. Tunaomba msomaji aliangalie jambo hilo vizuri. Dawa waliyoona inafaa ilikuwa kusoma. Sisi tukiona kijana ameanguka, mara nyingi tunamtafutia mwalimu wa sarufi.

Kwanza pima. Kipimo kimoja walichokitumia wataalamu hao kilibuniwa Marekani na Wilson Taylor mwaka 1953, na kiongozi yeyote wa kikundi anaweza kukiandaa kwa kalamu na karatasi. Chukua habari yenye maneno kama 250 kutoka kitabu cha mwaka wa kwanza. Sentensi ya kwanza iache kama ilivyo. Kuanzia ya pili, futa kila neno la saba na uache pengo. Utapata mapengo yapatayo 30, na kijana anatakiwa ayajaze. Kwa kawaida anayejaza sawasawa zaidi ya nusu anaweza kukisoma kitabu hicho akisaidiwa kidogo. Anayepata chini ya theluthi moja, kitabu kimemzidi nguvu, aanze na kilicho chepesi. Kijana anayedhani kwamba shida yake ni misamiati migumu hushangaa kuona kuwa mapengo yaliyomshinda ni ya maneno madogo tu, kama "of", "than" na "unless".

Maneno madogo ndiyo yanayoangusha. Tuchukue "hardly". Kijana analijua "hard" tangu kidato cha kwanza, hivyo akisoma "it hardly rained" anaelewa kwamba mvua ilinyesha kwa nguvu. Maana yake ni kwamba mvua karibu haikunyesha kabisa! Akishapotea hapo, maswali matatu yanayofuata kuhusu ukame yote atayakosa, na hatajua kwa nini. Hali kadhalika "unless", "although" na "except". Andikeni maneno ya namna hii katika daftari la kikundi, kila neno na sentensi nzima lilimotoka. Neno likiwa peke yake na tafsiri pembeni halimsaidii mtu.

Sasa asome nini? Vijana tunaokutana nao hapa Ilomba wengi wamepanga vyumba na hawana fedha za vitabu. Kuna njia rahisi. Mwananchi na The Citizen ni magazeti ya kampuni moja, na Habari Leo na Daily News ni ya serikali, hivyo tukio moja mara nyingi hutoka kwa lugha zote mbili. Kijana asome kwanza habari kwa Kiswahili, kisha aisome kwa Kiingereza. Kwa kuwa habari anaijua tayari, akili yake inapata nafasi ya kuangalia lugha. Gazeti la juzi lililokuja na maandazi linafaa vilevile. Aliye na Biblia ya Kiswahili anaweza kufanya hivyo kwa kitabu cha Ruthu, akitumia Good News Bible iliyotoka mwaka 1976, ambayo iliandikwa makusudi kwa Kiingereza cha kawaida. Nusu saa kila siku inatosha, lakini iwe kila siku. Kamusi ya TUKI iwepo mezani, ila isifunguliwe kwa kila neno. Kijana asome aya hadi mwisho, akisie, ndipo ahakikishe.

Kuhusu vitabu vya kozi, Francis Robinson wa Marekani aliwaandikia wanachuo utaratibu wa hatua tano mwaka 1946: kupitia haraka vichwa vya habari, kujiuliza maswali, kusoma, kusema ulichosoma bila kutazama, na kurudia. Hatua ya nne ndiyo inayorukwa na wengi. Kwenye kikundi haikwepeki: funga kitabu, mweleze mwenzako. Kwa Kiswahili pia ruksa.

Zipo pia mbinu za chumba cha mtihani. Asome maswali kabla ya habari, ili ajue anatafuta nini. Ajibu kwa kufuata habari aliyopewa, si kwa anayoyajua yeye. Hapa vijana wa mikoa yetu hunaswa kwa urahisi. Habari ikisema kwamba mwaka fulani shamba lisilotiwa mbolea lilitoa mahindi sawa na lililotiwa, mtoto wa mkulima wa Mbozi atajibu kwamba si kweli, kwa sababu nyumbani kwao ameona tofauti kwa macho. Anakosa alama kwa jambo ambalo shambani angekuwa sahihi. Swali la "it" au "they" inasimama badala ya nini, arudi nyuma sentensi moja au mbili, jibu kwa kawaida liko hapo. Swali la maana ya neno, aweke jibu lake ndani ya sentensi aone kama linakaa.

Ufupisho ufanyiwe mazoezi peke yake, angalau mara moja kwa wiki. Kosa kubwa ni kunakili sentensi za mwandishi na kuruka baadhi. Kijana aseme kwanza habari yote kwa sentensi moja ya Kiswahili, ndipo aandike kwa Kiingereza chake. Idadi ya maneno ikitajwa, iheshimiwe. Katika mazoezi ya wiki mbili za mwisho saa iwekwe mezani, na dakika tano za mwisho ziachwe kwa kazi moja tu, kuhesabu maneno ya ufupisho.