Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Watu wengi watakao kufuga samaki wa mapambo nyumbani hununua tangi na samaki siku moja. Maji huwa maangavu, samaki huchezacheza, na watoto hufurahi. Lakini juma moja au mawili hayapiti ila samaki huanza kufa mmoja mmoja. Mwenye nyumba humlaumu aliyemwuzia, asijue ya kuwa kosa ni la haraka yake mwenyewe.

Sababu ni hii. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, na mabaki ya chakula yaozapo huiongeza. Amonia ni sumu. Ziwani na mtoni kuna bakteria ambao huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru upesi. Kazi ya bakteria hao ilielezwa mwaka 1890 na Sergei Winogradsky, mtaalamu Mrusi. Katika tangi jipya bakteria hao bado ni haba, na huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha.

Kwa mwanafunzi wa kazi hii lafaa tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Likijaa huchukua lita 54. Wengine hudhani tangi dogo ni jepesi kutunza, kumbe maji machache ndiyo yachafukayo upesi. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 54, basi tangi na liwekwe juu ya meza imara, mahali pasipopigwa na jua, maana jua huotesha ukungu wa kijani.

Changarawe ioshwe mpaka maji yake yatoke safi, kisha itandazwe chini na kupandwa mimea ya majini. Pampu ndogo yenye sifongo huchuja maji, na sifongo hiyo ndiyo nyumba kubwa ya bakteria. Maji ya mfereji huwa na klorini. Yaachwe katika ndoo wazi kwa muda wa siku nzima, au yatiwe dawa ya kuiondoa iuzwayo na wauza samaki. Dawa ni bora, kwa kuwa miji mingine hutumia kloramini, ambayo haitoki upesi.

Joto lifaalo ni digrii 24 hadi 26 za Sentigredi. Mombasa mara nyingi hapana haja ya kuyapasha maji, lakini Nairobi, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, yahitajiwa kipasha joto cha umeme. Mtu asitie mkono majini kabla ya kukitenga na umeme.

Sasa tangi lingoje bila samaki. Kila siku kitiwe chakula cha samaki kidogo sana, kioze na kuwalisha bakteria. Maji yapimwe kwa dawa za kupimia: amonia na nitriti zikiisha kabisa, na nitrati ikionekana, tangi li tayari. Aliye na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima aweza kumwomba kipande cha sifongo yake, na muda wa kungoja utapungua.

Samaki wa kuanzia ni gapi, mdogo na mvumilivu, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Wanunuliwe madume matatu au manne tu, maana jike huzaa watoto wengi. Mfuko waliomo uelezwe juu ya maji ya tangi kwa dakika 20, huku ukitiwa maji hayo kidogo kidogo, ndipo wafunguliwe.

Walishwe mara moja au mbili kwa siku, chakula wawezacho kumaliza kwa dakika mbili. Kila juma robo ya maji ibadilishwe. Sifongo isioshwe kwa maji ya mfereji, kwani klorini huwaua bakteria. Ioshwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Mwisho, aliyechoka kufuga asiwatupe samaki wake mtoni wala ziwani. Samaki wageni huweza kuwamaliza wenyeji. Na awape jirani ambaye tangi lake limekwisha kuwa tayari.