Nani Amebeba Mzigo Wako? Somo la Proksi ya Simu



Mama mmoja mkulima wa tumbaku, wilayani Sikonge, alinunua simu ya kupangusa iliyokwisha tumika. Aliinunua kwa sababu moja kubwa: mwanawe alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne, naye alitaka kusoma matokeo kwa macho yake mwenyewe. Hakutaka tena kumtuma mtu amsomee.

Siku ya matokeo ikafika. Mama akaweka bando. Akafungua kivinjari, akaandika anwani ya Baraza la Mitihani. Ukurasa ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Akaenda kwa fundi simu pale sokoni.

"Mama, hii simu imekufa mtandao," fundi akasema. "Lete elfu kumi na tano niiflashi."

Kuflashi simu ni kufuta kila kitu kilichomo na kuiweka upya. Namba za watu zinaweza kupotea, picha nazo zinaweza kupotea. Mama akasita. Jioni akaja mpwa wake, mtoto wa kaka yake, anayesoma Tabora mjini.

"Shangazi, WhatsApp inafunguka?"

"Inafunguka, mwanangu. Tena asubuhi nimepokea picha."

"Basi mtandao haujafa. Kuna mtu kakaa katikati ya njia."

Kijana akaingia kwenye mipangilio ya simu, akatafuta kwa dakika chache, akafuta mstari mmoja wa tarakimu. Ukurasa ukafunguka. Mama akasoma jina la mwanawe. Elfu kumi na tano yake ikabaki mfukoni.

Mstari ule uliofutwa ndio somo letu la leo. Unaitwa proksi.

KIVINJARI NA PROKSI

Kwanza, kivinjari ni nini? Ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Simu nyingi huja na Chrome. Lakini vipo vivinjari vingine ambavyo mtu huweza kuviweka mwenyewe, kama Opera Mini, Firefox na UC Browser.

Ukiandika anwani ya ukurasa, kivinjari hutuma ombi mpaka kwenye kompyuta inayotunza ukurasa ule, halafu huleta jibu. Kwa kawaida ombi halipelekwi kwa mtu mwingine kwanza. Lakini simu ikiwekewa proksi, mambo hubadilika. Ombi linapelekwa kwanza kwenye kompyuta nyingine iliyo katikati. Hiyo ya katikati ndiyo inayokwenda kuuchukua ukurasa, kisha inakuletea. Proksi basi ni wakala. Anakwenda sokoni kwa niaba yako.

Sisi watu wa Tabora hatuna haja ya kuogopa jambo hili. Babu zetu waliliishi. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika kwetu Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani karibu kilo 30. Mwenye mzigo mara nyingi alibaki Unguja. Mpokeaji alikuwa mbali, upande wa ziwa. Katikati walikuwa watu wengine, na usalama wa mzigo ulikuwa mikononi mwao.

Chukua habari za Dakta Livingstone, yule ambaye nyumba aliyokaa iko Kwihara, karibu na mji wetu. Mwaka 1870 alitumiwa mfuko wa barua kutoka Unguja. Mfuko ulikuwa na tarehe 1 Novemba 1870. Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alipofika Unyanyembe mwaka 1871, aliukuta ungali hapa. Akauchukua, na Livingstone akaupata Ujiji mwezi Novemba 1871. Mwaka mzima! Barua zilikuwa salama ndani ya mfuko, ila zilichelewa njiani.

Mali yake nyingine haikuwa na bahati hiyo. Ilitumwa Ujiji mbele yake, akakabidhiwa mtu aitunze. Livingstone aliporudi kutoka Manyema mwezi Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na amechoka, alikuta mtu yule ameiuza yote.

Hapo una proksi za aina mbili. Mmoja anakuchelewesha, lakini hafungui mfuko. Mwingine anafungua mzigo na kufanya apendavyo. Na yuko wa tatu, aliye mwaminifu, anayekurahisishia safari. Huyo tumwangalie kwanza.

PROKSI INAYOOKOA BANDO

Opera Mini ilitengenezwa na kampuni ya Norway, ikaenezwa duniani mwaka 2006. Wakati huo simu zetu zilikuwa za vitufe, zile tunazoziita vitochi, na ukurasa mkubwa haukuweza kuingia. Opera walifanya hivi: ombi lako linakwenda kwenye kompyuta zao, zinauchukua ukurasa, zinaubana uwe mdogo, ndipo zinakutumia. Wao wenyewe husema data inaweza kupungua mpaka asilimia 90. Ndiyo maana Opera Mini ilipendwa sana vijijini. Kwa mtu anayeweka bando la shilingi mia tano, hilo si jambo dogo.

Chrome nayo iliwahi kuwa na kazi kama hiyo ya kubana data. Iliondolewa mwaka 2022. Kwa hiyo mtu akikuambia uiwashe kwenye Chrome, habari zake ni za zamani.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kurasa nyingi siku hizi anwani yake huanza na herufi https. Herufi s ile ya mwisho ni kama lakiri, yaani muhuri wa nta uliotiwa kwenye mfuko wa barua. Mpagazi anajua mfuko unakwenda Ujiji, lakini hajui kilichoandikwa ndani. Ndivyo ilivyo hata kwa proksi ya kawaida: inajua unakwenda tovuti gani, haisomi nywila yako.

Lakini Opera Mini ikiwekwa kwenye ubanaji mkali kabisa, haiwezi kubana kitu kilichofungwa. Lazima kompyuta za Opera zifungue lakiri, zibane, kisha zifunge upya. Vitochi vyenye Opera Mini hufanya hivyo wakati wote. Sisemi kwamba Opera ni wezi. Nasema mzigo unafunguliwa njiani, nawe ujue. Kusoma habari, bei za mazao au hali ya hewa, bana upendavyo. Kufungua akaunti ya benki au ukurasa wowote wa fedha, ingia kwenye mipangilio ya Opera Mini, tafuta sehemu ya kuokoa data, uizime kwanza. Au tumia kivinjari kingine.

PROKSI YA MTU USIYEMJUA

Turudi kwa yule mama wa Sikonge. Tarakimu zile zilitoka wapi? Simu ilikuwa na mwenyewe wa kwanza. Vijana wengi hutafuta "mtandao wa bure". Hupeana tarakimu za proksi, wakaziandika kwenye simu wakitumaini watapita bila bando. Siku kompyuta ile ya katikati ikizimwa, kila ombi linaloelekezwa kwake linaangukia shimoni. WhatsApp inaweza kuendelea, kwa sababu programu nyingi hazifuati proksi ile; vivinjari ndivyo vinavyoifuata. Ndiyo maana mpwa aliuliza swali lile kwanza.

Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni pale kompyuta ya katikati inapofanya kazi, nawe humjui mwenyewe. Ukifungua ukurasa usio na https, anaweza kusoma kila unachoandika. Anaweza hata kubadilisha ukurasa kabla haujakufikia. Na mtu akikuambia ukubali "cheti" kipya ndani ya simu ili mtandao wa bure ufanye kazi, kataa kabisa. Hapo unampa lakiri bandia; atafungua hata mifuko iliyofungwa.

JINSI YA KUTAZAMA SIMU YAKO

Proksi hukaa sehemu mbili. Majina ya sehemu hutofautiana kidogo kwa kila simu, kwa hiyo nenda polepole.

Ya kwanza ni kwenye Wi-Fi. Fungua mipangilio, ingia kwenye Wi-Fi, bonyeza kwa muda jina la mtandao unaotumia, uchague kuubadilisha. Fungua mipangilio ya ziada. Utaona neno Proxy. Kama nyumbani kwako hapana mtu aliyeweka kitu kwa makusudi, ichague ile ya kusema hakuna, kwa Kiingereza None. Kama Wi-Fi ni ya shule au ofisi, usiguse. Uliza wenyewe, maana huenda wameiweka kwa sababu.

Ya pili ni kwenye bando la laini yako. Ingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, tafuta herufi APN, ufungue jina la kampuni yako ya simu. Utakuta mstari wa Proxy na chini yake mstari wa Port. Mara nyingi yote miwili huwa mitupu. Kabla ya kufuta chochote, nakili tarakimu kwenye daftari. Mstari unaosema MMS Proxy uache kama ulivyo, huo ni wa kampuni. Ukiona umechanganyikiwa, lipo chaguo la kurudisha APN za mwanzo. Halifuti picha wala namba za watu.

Firefox ya simu haina mahali pa wazi pa kuandika proksi. Hufuata mipangilio ya simu. Opera Mini nayo haikupi nafasi ya kuweka ya kwako. Kwa hiyo ukibadilisha kivinjari na tatizo likabaki lile lile, usilaumu kivinjari.

Liko jambo moja la sheria. VPN ni ndugu wa proksi, ila yeye hubeba mizigo yote ya simu, si ya kivinjari tu. Tarehe 13 Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kabla hujawekewa VPN na mtu yeyote, uliza TCRA utaratibu ukoje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Kwa nini mpwa aliuliza habari za WhatsApp kabla ya kushika simu?

Mfuko wa barua wa Livingstone na mali yake ya Ujiji vilipatwa na mambo tofauti. Proksi ipi inafanana na mfuko, na ipi inafanana na mali?

Kila mmoja afungue simu yake, atazame mstari wa Proxy. Nani amekuta tarakimu, na je, anajua nani aliziweka?