Shokapu Haibebi Gari

Barua za mwezi huu ni nyingi. Nimechagua zinazonikera na zinazonitia hofu.

Fundi shikamoo. IST yangu imeinama nyuma. Niweke shokapu gani ngumu ili inyanyuke?

Marahaba. Mwenye Noah ya kubeba wanafunzi, mwenye Probox ya mizigo na mwenye Vitz inayokwaruza matuta wameuliza hilo hilo, nawajibu pamoja. Shokapu haibebi gari! Uzito umekaa juu ya springi. Springi ikibonyea kwenye shimo hutaka kupanda, kushuka, kisha kupanda tena. Kazi ya shokapu ni kuituliza. Ndani mna pistoni inayosukuma mafuta kwenye vitundu vidogo vyenye vali. Mafuta hupita kwa taabu, na nguvu ya kurukaruka inageuka joto. Ndiyo maana ukitoka safari ya vumbi, shokapu nzima huwa ya moto. Iliyokufa ikikuachia springi peke yake, gari husimama kimo karibu kile kile, ila likivuka tuta linadunda kama mpira. Kwa hiyo gari lililoinama limechoka springi, au umelibebesha kupita uwezo wake. Shokapu ngumu itakuachia maumivu ya mgongo na tairi lisilokamata barabara. Nunua springi.

Za gesi au za mafuta?

Zote zina mafuta. Za gesi zimeongezewa naitrojeni ili mafuta yakipata moto yasitoe povu, maana povu halina ukinzani kwenye vali. Kwa safari ndefu za vumbi, chukua za gesi. Kwa mizunguko ya mjini, za mafuta zilizo halali zinatosha.

Kuna fundi anatoboa shokapu inayovuja, anaijaza mafuta na kuichomelea. Inafaa?

Mkimbie.

Dukani nitaje nini?

Namba ya chesisi, ipo kwenye kadi ya gari. Ukisema "IST" tu hujasema kitu: NCP60 inavutwa na magurudumu ya mbele, NCP65 na yote manne, na shokapu zao za nyuma hazifanani. Za mbele zina kulia na kushoto. Na boksi lenye chapa ya KYB si ushahidi kwamba kilichomo ni KYB. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na anayekubali kurudishiwa.

Inayovuja ni moja. Nibadilishe hiyo tu? Na za mtumba kutoka Japani je?

Badilisha mbili za ekseli moja, la sivyo siku ya breki ya ghafla upande mmoja utatulia na mwingine utaruka. Za mtumba zimezeeka pamoja na gari zilikotolewa, na muuzaji hajui zilitembea kilomita ngapi.

Fundi wangu hufungua springi ya mbele kwa kuifunga kamba. Ni sawa?

Hapana, na usisimame karibu. Springi iliyobanwa ikifyatuka huua. Akikosa kibanio cha springi, peleka gari kwingine. Huko wabadilishe pia raba ya juu iliyochakaa, wakaze nati za bushi gari likiwa limekanyaga chini, kisha upime alaimenti siku hiyo hiyo.