Ufahamu na Ufupisho: Weupe wa Ugali

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali.

Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania kwa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua na kuhifadhi nafaka mjini Songea. Hata hivyo, wingi wa chakula si lishe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Walioongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa yenye mavuno mengi. Hii ni njaa isiyopiga kelele: tumbo limejaa, mwili una upungufu.

Sababu mojawapo ipo mashineni. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe, ganda na kiini huondoka pamoja na nyuzinyuzi, mafuta, vitamini B, madini ya chuma na zinki. Pumba hizo huishia kwa mifugo. Tena, mla sembe hulipia kukoboa na kusaga. Mla dona hulipia kusaga tu. Weupe wa ugali tunaulipia mara mbili.

Mwanafunzi aliyepanga chumba Songea mjini anaweza kula vizuri kwa fedha kidogo. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva kwa mkaa mchache. Dagaa wa Ziwa Nyasa huliwa wazima na mifupa yao, hivyo hutoa protini na kalsiamu. Mchicha na majani ya maboga huongeza vitamini. Chungwa baada ya mlo husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga. Chai pamoja na mlo huzuia. Unga wa dona haukai muda mrefu kwa kuwa kiini kina mafuta, hivyo asage kidogo kidogo. Mahindi yenye ukungu yasisagwe, kwani huweza kuwa na sumukuvu isiyoisha kwa kupikwa.

Maswali
1. "Njaa isiyopiga kelele" ina maana gani?
2. Kwa nini weupe wa ugali hulipiwa mara mbili?
3. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 35.

Majibu
1. Ni upungufu wa virutubisho kwa mtu anayeshiba.
2. Mlaji hutoa fedha za kukoboa, kisha hupoteza virutubisho vya ganda na kiini.
3. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo anaweza kupata lishe bora kwa kula maharage, dagaa, mboga za majani na chungwa, bila chai wakati wa mlo. Asage dona kidogo kidogo na aepuke mahindi yenye ukungu. (Maneno 31)

Zingatia: Katika ufupisho, sababu na maelezo ya ziada yameachwa, hoja kuu zimebaki. Hesabu maneno yako kabla ya kuendelea na swali jingine.