Pete ya Mahari na Umeme wa Sekunde Hamsini



Ndugu zangu, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Buyenzi, nikamkuta dada yangu ameivua pete yake ya mahari na kuiweka mezani. Miezi saba tu tangu nikahi. Kwa ndani, pale inapogusa kidole, rangi ya dhahabu ilikuwa imekwisha na shaba ya manjano inaonekana. Shemeji alikaa kimya. Aliinunua kwa nia safi, akiambiwa ni dhahabu, na mbele ya mashahidi ilitajwa dhahabu.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, lakini sekondari nilisoma kemia, basi wote wawili wakanigeukia mimi.

Pete ile ilichovywa kwa elektrolisisi, yaani kutumia umeme kulazimisha badiliko la kikemia ambalo lisingetokea lenyewe. Panahitajika betri, vipande viwili vinavyopitisha umeme, na kimiminika chenye ioni. Ioni ni atomi, au kundi la atomi, iliyopoteza au kuongeza elektroni. Kipande kilichofungwa upande hasi wa betri huitwa kathodi, cha upande chanya ni anodi. Ioni za metali zina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa kwenye kathodi, zikapokea elektroni na kuganda hapo kama metali.

Niliwaonyesha kwa mruturutu. Koroga kidogo katika maji, ndani ya kikombe cha plastiki ambacho hutakinywea tena, maana ni sumu. Upande chanya funga waya wa shaba, upande hasi risasi ya penseli, kwa betri mbili za tochi. Baada ya dakika chache penseli inavaa koti jekundu la shaba, na waya wa shaba unaliwa polepole kufidia. Msumari wa chuma usiutumie: chuma huvuta shaba hata bila betri, nawe utadhani ni kazi ya umeme.

Pete huwekwa mahali pa ile penseli. Kimiminika chake ndicho tofauti: kwa kawaida ni mchanganyiko wa dhahabu na sayanaidi, sumu ya kuua. Hilo msilijaribu kabisa.

Sasa, dhahabu kiasi gani? Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba metali inayoganda hulingana na umeme uliopita. Kulomu 96,500 hivi hubeba moli moja ya elektroni, na ioni ya dhahabu katika kimiminika kile huhitaji elektroni moja, basi kulomu hizo huleta gramu 197 za dhahabu. Chukua pete yenye eneo la sentimita 5 za mraba, na tabaka la nusu ya elfu moja ya milimita. Dhahabu yake ni kama gramu 0.005. Kwa mkondo wa ampia 0.05, kazi imekwisha kwa sekunde 50. Dada alicheka, kisha akalia.

Nikakumbuka darasa la fiqhi. Mashafi, wanapozungumzia chombo kilichopakwa dhahabu, huuliza: kikiwekwa motoni, kitapatikana kitu? Nilipokuwa nahifadhi ibara ile niliiona ya zamani mno, isiyo na kazi kwetu. Kumbe ni swali lile lile la Faraday, la kiasi. Gramu 0.005 huwezi hata kuiokota.

Hukumu sikutoa mimi. Tulikwenda kwa shekhe wa mtaa, akasema nikahi haina tatizo, lakini mahari iliyoahidiwa haijafika, ni deni juu ya mume hata kama naye alidanganywa. Shemeji aliomba alipe kidogo kidogo, dada akaridhia. Aliyeuza pete anasema hakumbuki, na karatasi ya mauzo imeandikwa "pete" tu.