Kuunda Injini Ndogo: Mchezo Ufundishao Kazi

Mtu asimamaye ufuoni Mkomani, ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa, huona vyombo vya wavuvi vikienda na kurudi. Zamani vyombo hivyo vilikwenda kwa tanga, kasia na upondo tu. Leo vingi vimefungwa injini tezini. Injini ikizimika baharini, salama ya mvuvi huwa mikononi mwa yule aijuaye. Lakini ni wachache waliopata kuona yaliyomo ndani yake, kwa kuwa mtambo ni ghali, wala mwenyewe hakubali ufunguliwe kwa ajili ya kujifunza tu.

Iko njia nyingine ya kujifunza, nayo ni kuunda injini ndogo itoshayo kukaa kiganjani. Huko Uingereza mchezo huu una wafuasi wengi tangu zamani, hata mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha London gazeti la watu wa namna hii, liitwalo Model Engineer. Si mchezo wa watoto, kwa maana injini hiyo huwaka na kuzunguka kweli kweli.

Jinsi inavyofanya kazi

Aina moja iliyo nyepesi kuunda haina plagi wala umeme. Kila mtu aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli anajua ya kuwa bomba hupata moto, kwa sababu hewa ikishindiliwa huzaa joto. Injini hii hutumia joto hilo. Pistoni ikipanda, hushindilia hewa iliyochanganyika na mafuta, na wakati huo huo huvuta mchanganyiko mpya katika chumba cha chini. Joto huwasha mafuta, nayo pistoni husukumwa chini. Tundu la moshi hufunguka, na ule mchanganyiko mpya hupanda kwa njia ya pembeni. Hayo yote hutimia katika mzunguko mmoja wa krenki.

Tuchukue mfano wa silinda yenye tundu la upana wa milimita 14, na mwendo wa pistoni wa milimita 16. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 2.46. Ikiwa nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni sentimita za ujazo 0.16, hewa hushindiliwa zaidi ya mara 16. Kichwani pana skrubu ya kupunguza au kuongeza nafasi hiyo.

Usahihi wa vipimo

Hapa ndipo penye kazi. Pistoni ya injini hii haina pete za kuzuia upepo. Huuzuia kwa kuenea barabara katika silinda. Unywele wa mtu una unene wa kama sehemu 7 za mia za milimita; nafasi kati ya pistoni na silinda ni ndogo kuliko hapo mara nyingi. Tundu la silinda lapasa kuwa jembamba kidogo juu kuliko chini, ili pistoni ibane ifikapo kileleni na kulegea irudipo.

Kukereza si jambo geni kwa mafundi wa pwani, ambao tangu zamani walikereza miguu ya vitanda. Chuma hufuata desturi ile ile, ila chadai subira zaidi. Baada ya kukerezwa, silinda husuguliwa kwa unga laini wa msasa uliochanganywa na mafuta, kisha huoshwa mpaka isibaki hata chembe. Chembe moja ikibaki, itaila pistoni siku ya kwanza. Mwenda pole hajikwai.

Mafuta na hatari zake

Mafuta yake ni mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya mbarika, kila moja theluthi. Etha huwaka kwa joto dogo kuliko mafuta ya taa, na kwa hiyo ndiyo ianzayo moto. Mafuta ya taa hutia nguvu. Mafuta ya mbarika hulainisha vyuma. Lakini etha ni ya hatari. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kufuata taa au jiko lililo mbali. Basi ichanganywe nje, mchana, pasipo moto wala sigara, na chupa izibwe mara moja.

Injini ifungwe imara juu ya ubao mzito, mahali penye hewa. Rafadha izungushwe kwa kijiti, si kwa kidole kitupu, wala mtu asisimame mbele yake au ubavuni mwake. Ikiwa injini inarudisha kwa nguvu, skrubu ya kichwani ilegezwe. Ikikataa kuzunguka isilazimishwe, kwani huenda silinda imejaa mafuta. Mafuta hayashindiliki kama hewa, na mkono wa pistoni utavunjika. Injini mpya iendeshwe dakika chache kwa mafuta mengi, izimwe ipoe, kisha iwashwe tena, mara nyingi, mpaka vyuma vizoeane.

Faida yake

Injini nyingi za vyombo vya wavuvi ni za namna hii ya mzunguko mmoja, ila zina plagi na hutumia petroli iliyotiwa mafuta ya kulainisha. Aliyekwisha kuunda ndogo huelewa mara moja kwa nini mafuta hayo yakipungua pistoni hukwama.

Mwaka 1951 chuo cha Waislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kilianza kuwafundisha vijana ufundi na ubaharia. Kikaendelea kukua, hata mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Lakini si kila kijana apataye nafasi ya chuo. Mashine ya kukerezea chuma ni ghali kwa mtu mmoja, walakini vijana wachache wakishirikiana, au wakiomba saa za jioni katika karakana ya fundi, wataweza kuanza. Pistoni ya kwanza ikiharibika, wakereze ya pili.